Konrodi ya Tatu

Marehemu Semkiwa alikuwa na dawa moja
ya kelele za gari: kuongeza redio.
Ikianza tiki-tiki asubuhi, aliongeza kidogo.
Ikianza ngo-ngo-ngo, magunia kumi na nane ya machungwa mgongoni,
kwenye kile kilima cha kabla ya Pongwe,
aliongeza mpaka mtangazaji akakwaruza koo.
Akafa yeye. Pikapu ikabaki,
na redio, na ngo-ngo-ngo.

Nikaipeleka Mikanjuni kwa Chambuso,
fundi ambaye sikio la kulia aliliacha Maweni
kwenye mashine ya kusaga mawe.
Nikasema moyoni: kiziwi atanisikilizia nini?
Akatoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti,
ncha akaigandamiza kwenye injini inayonguruma,
mpini akaubana kwenye taya, chini ya sikio lililokufa,
akafumba macho.
Mfupa, alisema, haujui uziwi.

"Ziko mbili, mama, usizichanganye.
Hii ya juu, nyepesi, kama cherehani,
ni tapeti zimelegea. Nipe fila na nusu saa.
Ya chini ndiyo yenye deni.
Hiyo imeshapiga hodi mara tatu
na sasa inasukuma mlango."

Akalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja moja.
Ya kwanza: injini ikachechemea, ngo ikaendelea.
Ya pili: vilevile.
Ya tatu: dizeli ikatema povu kwenye kitambaa,
na kule chini
kimya.
Wala si kimya kizuri. Kimya cha mtoto
aliyeulizwa nani kavunja sahani.

Akafungua sampu. Oili ikashuka nyeusi, nyepesi kama maji ya kunde,
na ndani yake vikamemeta vipande vya shaba.
Nikadhani ni kitu cha thamani.
"Ni cha thamani," akasema. "Ndiyo beringi yako."
Kisha akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya kranki,
taratibu, kama anayefunua karatasi iliyolowa.
"Ukucha ukikwama, kranki inakwenda kuchongwa
na wewe unakwenda kuuza shamba."
Haukukwama.
Nikaomba nipitishe na wangu.

Mpwa wangu Mntambo, anayesomea ualimu,
akaninong'oneza: shangazi, hili fumbo.
Mjomba naye hakukisikiliza kifua chake.
Nikamwambia, shika tochi.
Mjomba wako aliumwa na nyoka kwenye mashina ya michungwa.
Hakuna kilichogonga.
Na fumbo halina spea.

Seti ya beringi. Oili lita sita. Filta.
Ile gundi nyekundu ya sampu. Ufundi.
Nikahesabu mara mbili, pesa zikagoma mara mbili.
Nikatazama ndani ya pikapu, niuze nini?
Ilikuwa palepale, inanikodolea taa yake ya kijani.
Kijana mmoja wa Ngamiani akaing'oa kwa koleo,
akanilipa noti zilizokunjwa ndogondogo,
akaondoka nayo kwapani kama kuku.

Alhamisi nikatoka Muheza na mzigo uleule.
Kilimani, gia ya pili. Tiki hakuna. Ngo hakuna.
Lakini ipo nyingine, kavu, ya harakaharaka.
Nikaegesha, nikafunua boneti, nikampigia Chambuso,
simu nikaishikilia juu ya injini.
Akasikiliza kwa sikio lake la kushoto, nasi tukiteketeza salio.
"Nozeli hizo," akasema. "Ndivyo dizeli inavyoongea.
Zikinyamaza ndiyo unipigie."

Kwenye tundu la redio, kati ya nyaya mbili zinazoning'inia,
nimechomeka kipande cha boksi la beringi,
nikaandika kwa peni: tarehe, kilometa, oili.
Nikikaribia kilima nashusha kioo.
Tairi. Upepo wa mashamba ya mkonge.
Nyuma yangu machungwa yanagongana magunini, polepole,
na hayo nayajua.