Mkono wa Simu

Hewa ya Mkomani ina chumvi hata ndani ya kabati.
Ndiyo inayokula bawaba, ndiyo inayokula sindano,
ndiyo inayootesha ukungu wa kijani
kwenye vishaba viwili, kila kimoja mfano wa punje ya mtama,
pale kitakoni, simu inapokaa kunywa umeme.

Kila Alhamisi usiku navisugua.
Si kwa maji. Si kwa kisu, kama alivyofanya Shekuwe
akakwangua shaba mpaka bati likachungulia.
Kifutio cha penseli, cha mtoto wa darasa la pili,
upande wa waridi, ulio laini;
kisha pamba, tone la spiriti,
kisha napuliza, kama unavyompuliza mtu jicho.
Naurudisha mkono. Nasubiri.
Tii.
Taa nyekundu. Haya, kula, mwanangu.

Famau, fundi wa Langoni, aliniambia:
"Betri ni tumbo. Usiilishe kutwa nzima ikiwa imeshiba,
wala usiiache ikafa njaa.
Ikianza kuvimba, usiionee huruma, niletee."
Nimeibadilisha mara tatu. Mara ya mwisho alinicheka:
"Dada Barke, watu wana simu za mfukoni,
wewe bado wauguza mche huu wa sabuni?"
Nililipa, nikapanda na vichochoro.

Ningemjibu nini? Kwamba mama
Jumatatu halijui jina langu, Jumanne analijua;
kwamba simu ya mfukoni aliitia kwenye maji ya mtele
akaichambua kama dengu;
lakini mkono huu, mzito, vifungo vyake vimefutika namba,
anaufunga kwenye pindo la leso, haubanduki,
kwa kuwa dada yetu wa Bahareni hupiga humu
na hilo, ajabu, hajalisahau.

Na nyumba yetu ni ya mawe, ukuta dhiraa nzima,
msana, nyuma yake ndani, jiko juu, ngazi za kujipinda.
Mtu akinyamaza humu amepotea.
Basi kitakoni kuna kidude, wengi hawakijui:
ukikibonyeza, mkono huitika ulipo.
Nabonyeza. Natega sikio.
Tililili: yuko darini, anaanua nguo ambazo hatukuzianika.
Tililili: yuko chooni, anazungumza na birika.
"Wanifuatani wewe?"
"Simu, mama. Naitafuta simu."
Naye hunikabidhi, kwa heshima zote:
"Hii hapa. Mbona hamtunzi vitu?"

Mwezi wa Rajabu alishuka ngazi, adhuhuri,
mlango wa daka u wazi kwa ajili ya mchukuzi wa maji.
Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza hadi kidole kikaniuma.
Lakini simu hii ina tabia yake:
ikienda mbali na kitako hulia yenyewe,
mlio mwembamba, wa kifaranga aliyeachwa.
Akapita nao kichochoro kizima, mpaka kwa Omari Fumo,
aliyeacha sindano katikati ya kofia akauliza:
"Bibi, mbona mwalia kiunoni?"
Akamwongoza kurudi. Kila mlio ulipofifia
alijua anakaribia nyumba. Uliponyamaza kabisa
akabisha hodi.

Tangu hapo nahesabu: betri hudumu saa tisa.
Akilala, nafungua fundo la leso polepole,
nafuta unga, nafuta udi,
kwa njiti ya kiberiti natoa mafuta ya nazi
kwenye vitundu vya kusemea.
Juzi alifumbua mato.
"Ndoo. Mwaipeleka wapi?"
"Kuilaza, mama."
Akafikiri sana. Akasogea ukutani,
akaacha nafasi kitandani, upana wa kiganja.
"Ilaze hapa."

Nikakivuta kitako, nikakivuta.
Waya haukufika.
Kesho nateremka Langoni, kwa Famau,
kununua mita mbili.