Vifupa Vinne

Saa kumi na moja kasorobo, na dirisha la chumba cha saba
limeshaanza kuwa kioo.
Nje, moshi wa makaa umelala juu ya Ulaanbaatar
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa ubavu.
Wenzao wamekwenda zamani. Hawa tisa wamebaki
kwa hiari yao, jambo ambalo bado linanishangaza,
nami nimebaki kwa sababu yao,
ndoo mkononi, funguo kiunoni,
nikingoja hesabu iishe nipige deki.

Mwalimu Narmandakh hajagusa chaki.
Amemwaga mezani vifupa vinne vya kifundo cha kondoo,
vilevile tulivyochezea sote kabla ya kujua kusoma:
kikisimama hivi ni farasi, hivi ni ngamia,
kikiinua mgongo ni kondoo,
kikionyesha shimo ni mbuzi.
"Nikivirusha vyote kwa pamoja," anauliza,
"vinaweza kuanguka kwa namna ngapi?"
Kisha ananyamaza. Ananyamaza sana, mwalimu huyu.

"Kumi na sita!" Irmuun, kabla hajavua kofia.
Nne mara nne.
Hakuna anayemcheka.

Tselmuun anaandika, ncha ya ulimi nje:
farasi wote wanne,
farasi watatu na ngamia,
farasi watatu na mbuzi,
karatasi inaisha, anaigeuza.
Thelathini na tano.
Anapitisha kidole upya. Thelathini na tano, basi.

Tuguldur, miaka minane, mafua yasiyokoma,
amevipaka vifupa chaki za rangi:
chekundu, cha buluu, cha kijani,
kimoja akakiacha kilivyo.
"Mia mbili hamsini na sita," anasema,
na kuvuta kamasi kama fundi aliyemaliza kazi.

Wakagombana. Lo, walivyogombana!
"Farasi mmoja na kondoo watatu
ni farasi mmoja na kondoo watatu!"
"Farasi yupi?" Tuguldur akang'ang'ania. "Yupi?"

Hapo nikasahau deki.

Baba yangu hakujua idadi ya kondoo wake.
Jioni alisimama mlangoni mwa zizi, wakipita,
akasema: yule wa sikio lililochanika hayupo.
Mwaka wa dzud, theluji ilipoyeyuka siku moja
kisha ikaganda chuma juu ya nyasi,
alikuja ofisa wa wilaya, viatu vizuri,
akapita kati ya mizoga na kalamu yake,
akaandika mia mbili na kumi na mbili,
akageuza ukurasa.
Baba alibaki palepale akiwataja.
Nilimshikia taa. Nilikuwa na miaka tisa
na nikamwonea haya,
nikidhani hajui kuhesabu.

"Mmepata nyote wawili," anasema Mwalimu.
"Tselmuun amehesabu kama mtu asiyevijua.
Tuguldur anavijua kwa sura."
"Nani amekosa, basi?" Irmuun, akitumaini kidogo.
"Wewe!"
Naye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mama yake Tuguldur amechelewa tena,
basi mbili na foleni ya maziwa,
nyusi zake zina barafu.
Anamfunga mwanawe skafu hadi puani,
na kutoka ndani ya skafu bado nasikia:
"Mama, farasi yupi? Niulize farasi yupi."

Nimepiga deki. Chini ya meza nimeokota kifupa cha buluu,
nikakirusha mara moja, hakuna aliyeniona.
Mbuzi.

Daftari la mlangoni lina safu finyu:
tarehe, chumba, idadi ya waliotoka.
Miaka sita nimeandika humo nane, kumi, tisa, kumi.
Usiku huu nimelowesha kalamu kwa pumzi, wino umeganda,
nikaanza na Irmuun, kwa kuwa alikosa,
nikaenda kwa Tselmuun, kwa Tuguldur,
kwa yule mdogo asiyesema ambaye jina lake
nimelazimika kurudi kulisoma kwenye kigingi cha makoti,
na majina hayakutosha,
yakafurika hadi kwenye nafasi ya kesho.