Mlango wa Tatu Kutoka Kushoto

Wameandika "mfadhili" kwenye kile cheti,
kwa wino wa dhahabu, na jina lake kamili:
Foibe Chilewa, wa Chang'ombe, Dodoma.
Mimi niliyemshikia daftari miaka kumi na tisa
nimelisoma neno mara mbili, nikavua miwani.

Alianza na treni iliyochelewa.
Ya Kigoma, mwaka reli iliposombwa kule Gulwe;
abiria siku mbili stesheni na watoto wao,
na yeye na beseni moja la zabibu.
Akauza, akarudi shambani kwa mkopo, akauza,
mpaka zabibu chachu za jirani nazo zikapata bei.
"Mtaji wangu," husema, "ni matope ya Gulwe."

Alinunua tofali kabla hajanunua kiwanja.
Vyumba vinne, bati jembamba
lililonguruma upepo wa Julai ulipoamka,
na kuta zilizotoa chumvi kama mgongo wa kibarua.
Tuliikwangua kila mwaka. Kila mwaka ikarudi.
Alivipanga kuzunguka ua, kama tembe la babu yake,
ila palipolala ng'ombe akaweka bomba,
na kwenye bomba akaweka kufuli.

Chumba namba nne kilikuwa changu.
Kodi elfu nane. Miezi mitatu sikulipa.
Hakutukana, hakumwita mjumbe.
Alikuja alfajiri na fundi, wakang'oa mlango,
akajitwika mwenyewe kichwani.
"Chumba bado chako," akasema. "Mlango ni wangu."
Usiku ule nililala nikiitazama barabara
na barabara ikinitazama.
Vumbi la Dodoma halipigi hodi.

Nilipopata hela nikamfuata.
Akahesabu, akalamba kidole, akahesabu tena.
"Hesabu unajua?"
Najua.
"Basi kaa hapo, uwaandike wenzako."
Mlango alinipa mwingine.

Kisha serikali ikahamia na makabati yake.
Wakaja maofisa, wakauliza marumaru, wakauliza maegesho.
Tukapanda ghorofa Ipagala, tukapanda Nkuhungu,
na kodi ikapanda ngazi mbele yetu.
Aliwatoza mwaka mzima, taslimu, bila soni.
Lakini katika kila nyumba palikuwa na chumba kimoja
nilichoagizwa nisikitie jina wala bei.
Humo walikaa wanawake waliotoka Mirembe wamepona
na kwao hakuja mtu kuwachukua.
Niandike nini, mama?
"Andika hewa."
Nikaandika hewa. Hewa, Chang'ombe. Hewa, Ipagala.
Mpaka mkaguzi wa mapato akaniuliza
huyu Hewa ni ndugu yake wa upande gani.

Sisemi ni malaika.
Mzee Sudayi alikufa akidaiwa miezi miwili,
na jeneza lake lilitoka bila kufunguliwa mlango,
kwa kuwa mlango haukuwepo.
Mwanawe mpaka leo hampi Foibe mkono.

Juzi tukaenda Mvumi kufungua vyoo vya wasichana,
matundu kumi na mawili. Utepe, keki, spika iliyokoroma.
Nikatazama milango.
Haikulingana. Mmoja wa mninga, mmoja wa bati,
mmoja una namba ya chaki, kwa mwandiko wangu.
Ya wadaiwa. Yote, ya miaka yote.
Nami nilidhani aliipikia maharage.

Wa tatu kutoka kushoto una msumari wa kalenda yangu,
na chini yake mikwaruzo ya kisu
nilipokuwa nampima Anjelina urefu:
mwaka mmoja, miwili, halafu basi.

Bi Foibe, juu ya kiti cha plastiki, hakugeuka.
Alikuwa anakunjua cheti, anakikunja.

Msichana wa kidato cha pili akaja mbio,
akaingia, akaurudisha mlango.
Nikasikia komeo likikaa.
Komeo lile, kwangu, halikuwahi kushika.