Sifuri Nukta Sifuri Mbili

Wiki tatu za kwanza hatukugusa mashine.
Tulipewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa,
tukaambiwa: kifanyeni mraba.
Basi.
Nami nilikuwa nimekuja na kalamu nne mpya.

Viganja vilivimba, vikapasuka, vikazoea.
Mwalimu Mtui alipita na guniya yake,
akaiegemeza kwenye kipande changu,
akaviinua vyote viwili dirishani, upande wa mlima.
Pale chuma kilipopaswa kugusa chuma
palikuwa na uzi wa mwanga, mweupe, wa theluji.
"Kibo anakuchungulia," akasema.
"Rudi kwenye jiliwa."

Mama ana cherehani Kiboriloni, kwenye mitumba.
Anapunguza suruali za watu asiowajua
zikae kwenye viuno vya Pasua na Njoro.
Yeye huacha pindo, vidole viwili vya akiba,
kwa mtoto atakayerefuka,
kwa bwana atakayenenepa akipata kazi.
"Nguo lazima iwe na msamaha," husema.

Chuma hakina pindo.
Kilichokerezwa kimekwenda,
kimejiviringa sakafuni kama nywele za kinyozi,
bado cha moto, cha buluu,
na maji ya kupozea yanakimwagikia, meupe kama maziwa
yasiyomfaa mtoto yeyote.

Alhamisi tulikuwa chumba cha pili,
penye sensa, rilei na mikono inayosukumwa na upepo.
Hapo mashine hufundishwa kusubiri:
kama chupa ipo,
na kama mlango umefungwa,
na kama hakuna aliyebonyeza kitufe chekundu,
ndipo mkono usogee.
Sikuona ugeni. Kwetu karo ililipwa hivyo hivyo:
kama kahawa imeuzwa,
na kama mvua haikung'oa bati,
na kama baba mdogo hajapita kukopa.
Aminieli alisahau "na" moja tu.
Mkono ukasukuma chupa, ukasukuma chupa, ukasukuma chupa,
zote chini, kwa adabu kabisa, moja baada ya nyingine,
nasi tukicheka hadi umeme ulipokatika.

Juni, baridi ikiwa imelala juu ya mabati ya karakana,
cherehani ya mama ilianza kugonga.
Pini ya kanyagio ilikuwa imelika.
Nikapima tundu mara tatu, nikaandika kiganjani,
nikaomba kipande cha chuma kwenye masalia.
Nilikereza taratibu. Kisha, mwishoni,
nikiwa nimeshaanza kumwona mama akitabasamu,
nikazungusha gurudumu kidogo, kidogo tu, zaidi.

Pini ilipaswa kuingia kwa kusukumwa.
Iliingia kwa kuanguka.

Sifuri nukta sifuri mbili.
Mwalimu Mtui alitazama maikrometa, akanitazama,
akaidondosha kwenye ndoo ya chakavu
na kwenda kunywa chai.
Mlio ule, ting,
niliusikia hadi nilipofika nyumbani.

Ya pili niliikereza Jumatatu, bila kumwona mtu yeyote.
Mama alikanyaga, akainamisha kichwa, akasikiliza.
"Imenyamaza," akasema.
Ile ya kwanza niliiokota ndooni. Sasa ipo mezani kwake,
inakandamiza karatasi za vipimo zisipeperushwe.

"Hii nayo ilikosa nini? Mbona zinafanana?"
Nikang'oa unywele wangu mmoja.
"Upasue mara nne kwa urefu," nikamwambia,
"uchukue robo moja. Hiyo."
Akaupeleka kwenye mwanga,
akaufumbia jicho kama anayetunga sindano,
kimya, muda mrefu,
huku mteja akisubiri na chenji mkononi.

Kisha akaivuta suruali ya yule mteja,
iliyokwisha kupigwa pasi na kukunjwa,
akatafuta wembe,
akafumua pindo.