Usinambie Kaza

Usinambie kaza, Tsofa.
Kila Jumatatu waja na ringi imepinda mdomo,
magunia mawili ya makaa toka Kakuyuni
na neno moja: kaza.

Kaa hapo juu ya debe, usikilize.
Nagusa spoki kwa ukucha: ting.
Jirani yake: ting.
Hii ya tatu: tup,
kama kopo tupu la maziwa.
Umesikia?

Wewe wadhani mzigo umesimama juu ya spoki
kama dari juu ya nguzo.
Waya mwembamba hivi?
Waya haujui kusukuma, wajua kuvuta tu.
Arobaini zavuta, kila moja yataka habu iwe yake,
na kwa ugomvi huo habu hukaa katikati.
Ukipanda, zile za chini hulegea kidogo,
kidogo tu, kwa zamu, zikipita karibu na ardhi,
na huko kulegea ndiko kunakokubeba.
Nami nilibisha, siku Bi Nyevu aliponifundisha.
Akanipandisha mtu kwenye kiti, akasema: gusa, sikiliza.
Sauti ilikuwa imeshuka.

Basi hata nikizikaza zikalia kama mbu
gurudumu haliwi gumu zaidi.
Ugumu u katika unene wa waya, na wingi wake,
na upana wa habu, na ringi yenyewe.
Nakaza ili asiwepo wa kulegea kabisa.
Iliyolegea kabisa haipo:
umebaki na thelathini na tisa na shimo,
na mashimo ya njia ya Ganda yanajuana na hilo.
Nikipitiliza, ringi hii uliyoinunua kwa kung'aa
itakunjika kama krispi ya muhogo,
nawe utanidai mimi.

Huo mto uliofungwa kwa leso kwenye keria
nimeuona tangu ulipoingia.
Makaa hayakalii mto.
Dama ana miezi mingapi?

Vua gurudumu.
Ile ringi ya chuma pale ukutani, ya baiskeli yangu,
nzito, ina kutu kidogo, ina kina:
spoki moja ikilemewa, huwaita majirani.
Nitaipiga waya mnene, zote arobaini.
Pesa tutaongea.
Njoo kabla ya adhana ya alfajiri,
na ukifika matuta ya Ganda, shuka.
Sukuma wewe;
waya haujui.