Pingili

Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Julai
unasugua vumbi kwenye vioo vya maabara, Iyumbu.
Nimefunga mlango wa kwanza. Nimefunga wa pili.
Nimenawa hadi viwikoni kama mtu anayekwenda kuzalisha.

Zimelala kwenye chupa bapa, ubavu kwa ubavu,
nyuzijoto thelathini na saba,
joto la kwapa la mtu ambaye hayupo.
Maji yake Ijumaa yalikuwa waridi.
Leo ni manjano: zimebanana, zimechafua nyumba.
Namwaga. Naosha. Nazibandua kwa kimeng'enya,
taratibu, zisichubuke,
kisha nagawa, chupa moja iwe nne.

"Hata sisi ndivyo tufanyavyo," alisema Damari Chiwanga,
Mei ya mwaka juzi, sauti imebaki uzi,
umio umeziba, hata uji wa uwele haupiti.
Shamba lake lilikuwa Hombolo, ekari moja na robo.
"Unakata pingili, macho matatu, unachomeka.
Mzabibu wa baba yangu ndio huu huu.
Haujafa. Unahama tu."
Akaomba wino, akabonyeza dole gumba
(kuandika alijua; mkono ndio uliokuwa ukitetemeka)
na akauliza jambo moja ambalo halikuwamo kwenye fomu:
Zitasikia kiu?

Nilimjibu hapana.
Nilijibu haraka mno.

Alizikwa Juni, ardhi imekauka, majembe yakiruka.
Kipande chake, kidogo kuliko punje ya mtama,
kiligoma siku tisa.
Ya kumi kikatoa mguu, kikashika sakafu ya chupa,
nami nikapiga kigelegele peke yangu,
kisha nikaona aibu,
maana kilichoota si Damari.
Ni kilichomla.

Basi ndiyo kazi yangu: kumlisha muuaji
nijue anapenda nini, anaogopa nini.
Chakula chake kina damu ya ndama ambaye hakuzaliwa,
inakuja kwa ndege, chupa moja yashinda mshahara wangu.
Babu yangu, aliyeita ng'ombe zake kwa rangi,
sikuwahi kumwambia.

Jumatano naweka dawa. Jumamosi nahesabu maiti.
Tone la buluu: iliyokufa hulinywa,
iliyo hai hulikataa.
Gumba kwenye kihesabio, ta, ta, ta,
buluu mia tatu na kumi,
angavu kumi na nne.
Hizo kumi na nne ndizo ninazoziota.

Umeme ukikatika, jenereta hukohoa kwanza.
Hapo katikati nasimama gizani,
kifua kimeegemea mlango wa kabati la joto
kama mama anayemkinga mtoto na baridi.
Kwa ajili ya uvimbe!
Nacheka, na sitoki.

Machi alikuja binti yake, Sechelela,
ndoo ya zabibu mkononi, viatu vina udongo wa Hombolo.
Nikamvalisha koti, nikamsogezea hadubini.
"Mama yuko wapi hapa?"
Nikasema, hayupo. Hiki ni kizazi cha thelathini na nane.
Akatazama mpaka jicho likatoa machozi,
au labda ni taa.
"Zinasukumana," akasema. "Mama hakupenda kusukumwa."
Ndoo akaiacha nje, chakula hakiruhusiwi ndani.
Nilizila kwenye korido, nimechuchumaa,
mbegu nikatemea kiganjani, nikashindwa kuzitupa.

Sasa kumekucha. Chupa nne, tarehe, kalamu isiyofutika.
Kizazi cha arobaini na mbili.
Maji ni waridi tena, yametulia.
Lakini nilipoingia yalikuwa manjano, Damari,
na mimi, niliyekujibu haraka,
sina neno lingine la kuiita hali ile.