Njia ya Mgeni

Fundi Ndelilio alipanda Uru kutoka Majengo
na ngazi mbili zilizofungwa pamoja kwa katani,
shaba imeviringwa begani.
Hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi.
Aliuliza: ng'ombe alifia wapi?

Nikamwonyesha mgrevilia,
gome limechanwa toka kilele hadi shina.
Hapo chini, masika yaliyopita, Bahati
(ndilo jina lake, usicheke)
alilala miguu imenyooka, majani mabichi mdomoni.
Majirani walinong'ona. Mtu fulani alitajwa.
Mimi nilihesabu lita: nane asubuhi, tano jioni.

"Radi haizuiliwi," alisema fundi toka juu ya bati,
misumari midomoni.
"Inapewa njia."

Akaipa njia. Ncha juu kabisa ya paa,
waya ukateremka ukutani bila kona kali,
"maana ukiikunja sana inaruka, haina subira,"
hadi shimo la kimo cha mtu nyuma ya jiko,
tulikomwaga mkaa
na chumvi ya mawe, kilo kumi.

Mama mkwe alitazama chumvi ile ikienda.
Miaka themanini na miwili, na kila ikinguruma
Aikaruwa hufunika kioo kwa kanga,
hutuondoa mlangoni, tunyamaze
kama wadaiwa waliosikia hodi.
Alisubiri fundi alipwe, aondoke.
Kisha akachomeka isale kwenye udongo mbichi,
akaushindilia kwa kisigino.
"Chini kuna yako," akasema. "Juu nimeweka yangu."

Wiki ya tatu nilisikia hatua usiku.
Kulipokucha, mita mbili za shaba hazipo,
zimekatwa safi kama mua.
Mizani ya chuma chakavu mjini
haiulizi mzigo umelala wapi.
Isale haikung'olewa.
Ilisogezwa kando, kwa adabu.
Basi mwizi ni mtoto wa huku huku.

Ndelilio akarudi, nikalipa tena,
na safari hii tukaipaka rangi nyeusi ya mafuta
shaba yote, juu hadi chini,
ifanane na umaskini.

Leo jioni Kibo imejifunga wingu.
Inashuka kutoka msituni, tunaihesabu:
mmweko. Moja, mbili, tatu, nne, tano,
ndipo sauti.
Kioo kimeshafunikwa.
Mimi nimechomoa friji.
Mmweko. Moja, mbili, tatu,

mgeni njoo, mwenyeji apone,
ndivyo tulivyolelewa, nami sikatai.
Lakini wewe usiingie ndani.
Hatukukuwekea kiti.
Pita ukutani, kwenye ule weusi,
usikate kona, shuka moja kwa moja,
chumvi yako iko chini, tulinunua ya kutosha,
na ukifika penye isale
kumbuka kuna watu.

Mmweko.
Moja